Mnakili Asiye na Jina: Akili Unde na Unukuzi wa Miswada ya Ushairi wa Kiswahili ya Hati za Kiarabu

Ikisiri

Zana za akili unde zinazidi kutumiwa katika utafiti wa kitaaluma, ukiwamo utafiti wa fasihi ya Kiswahili. Mjadala kuzihusu umeelemea zaidi maadili ya uandishi, hususani wizi wa kitaaluma na marejeleo ya kubuni. Makala haya yanahakiki matumizi yake katika hatua inayotangulia uandishi, yaani utayarishaji wa matini yenyewe. Yanachunguza unukuzi wa miswada ya kale ya ushairi kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kirumi, na yanadai kwamba mashine haisomi tu kilichoandikwa, bali huchagua neno kwa kuegemea Kiswahili sanifu. Matokeo yake yakichukuliwa kuwa data ya msingi, hitimisho kuhusu lahaja, arudhi na historia ya lugha huwa limekwishaamuliwa kabla ya uchambuzi kuanza. Makala yanapendekeza kwamba zana hizo zichukuliwe kuwa aina mpya ya mnakili, na kwamba kazi yake idaiwe uwajibikaji uleule unaodaiwa mnakili wa kibinadamu.

Istilahi muhimu: akili unde, unukuzi, miswada, hati za Kiarabu, arudhi, lahaja

1. Utangulizi

Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, vyuo vikuu na majarida yamekuwa yakitafuta msimamo kuhusu akili unde, ambayo baadhi ya waandishi huiita akili mnemba au akili bandia. Mwezi Februari 2023, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilitamka kwamba zana hizo haziwezi kutajwa kuwa mwandishi wa makala kwa kuwa haziwezi kubeba dhamana ya kazi. Mwezi Septemba mwaka huohuo, UNESCO ilitoa mwongozo kuhusu akili unde zalishi katika elimu na utafiti. Miongozo hiyo ni ya lazima, lakini swali linaloongoza mjadala mwingi uliofuata ni moja: nani ameandika?

Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, hususani fasihi ya kale ya pwani, kuna swali linalotangulia hilo: nini kimeandikwa? Sehemu kubwa ya tenzi na mashairi yaliyotungwa kabla ya karne ya 20 imehifadhiwa katika miswada ya hati za Kiarabu. Miswada hiyo imo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako J. W. T. Allen aliongoza ukusanyaji mkubwa katika miaka ya 1960. Katika hazina ya SOAS jijini London, zilipo karatasi za W. E. Taylor, Alice Werner na William Hichens. Na katika nyumba za familia za Lamu, Pate, Mombasa na kwingineko. Wanafunzi wa uzamili wanaoweza kusoma hati hizo kwa ufasaha si wengi. Kwa hiyo ahadi ya mashine inayopokea picha ya ukurasa na kurudisha beti zilizonukuliwa kwa hati za Kirumi, tena zikiwa na tafsiri, ni ahadi nzito.

Makala haya hayakusudii kuikataa ahadi hiyo wala kuishangilia. Yanakusudia kuonyesha mahali hasa inapohitaji kuhakikiwa.

2. Hati isiyosema yote

Ugumu wa unukuzi unatokana na hati yenyewe. Alfabeti ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, yaani fatha, kasra na dhuma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika desturi ya zamani ya uandishi, kasra ilisimamia /i/ na /e/, na dhuma ikasimamia /u/ na /o/. Upande wa konsonanti, herufi moja ilibeba sauti kadhaa. Herufi ba iliweza kusomwa b, p, mb au hata mp. Dal iliweza kusomwa d au nd, kwa kuwa nazali inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Baadhi ya waandishi waliongeza nukta au kuazima herufi za Kiajemi, lakini hapakuwa na kanuni moja iliyofuatwa na wote.

Chukua mfululizo wa ba yenye fatha ikifuatwa na ba nyingine yenye fatha. Kwa msomaji wa Kiswahili, maandishi hayo yanaweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Hakuna alama katika karatasi inayoamua. Kinachoamua ni muktadha, mizani, kina, mazoea ya mwandishi mhusika, na ujuzi wa msomaji ambaye huenda alikwisha kuusikia utungo ukiimbwa kabla ya kuuona. Hati hizo zilikuwa kumbukumbu ya sauti kwa watu waliokuwa nayo tayari, na ndiyo maana upungufu huo haukuwazuia watu wa pwani kuzitumia kwa karne kadhaa.

Wasomi wenyeji waliutambua upungufu huo mapema. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, anakumbukwa kwa jitihada zake za kuziboresha hati hizo ziweze kubeba sauti za Kiswahili. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya historia ya uandishi huo pamoja na mapendekezo ya mfumo kamili zaidi. Jitihada hizo zinathibitisha kwamba kuisoma miswada ya zamani ni kazi ya kufasiri tangu neno la kwanza. Mnukuzi hahamishi herufi tu, anatoa uamuzi.

3. Mashine inapotoa uamuzi

Zana zinazotumika ni za aina mbili, ingawa mara nyingi huunganishwa. Aina ya kwanza hutambua maumbo ya mwandiko. Jukwaa la Transkribus, lililoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, ni mfano unaojulikana: hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzinukuu, kisha hujaribu kusoma kurasa nyingine za mwandiko unaofanana nazo. Aina ya pili ni miundo mikubwa ya lugha, ambayo hukadiria ni kipande gani cha maneno kina uwezekano mkubwa wa kufuata kingine, kwa kuzingatia matini nyingi iliyofundishiwa.

Pale picha ya ukurasa inaporuhusu usomaji zaidi ya mmoja, makadirio hayo ndiyo yanayovunja sare. Swali la kihakiki basi ni hili: makadirio hayo yanatokana na Kiswahili kipi? Kiswahili kinachopatikana kwa wingi katika intaneti ni habari, tafsiri za maandiko ya dini, nyaraka za serikali na mashirika, na makala za kamusi elezo. Hicho kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Kiamu, Kipate na Kimvita cha karne ya 18 na 19 ni tone katika bahari hiyo. Mashine inayochagua neno lenye uwezekano mkubwa itaelekea kuchagua neno la sanifu, na itafanya hivyo bila kumjulisha mtumiaji kwamba kulikuwa na chaguo.

Mifano minne inaweza kuonyesha athari zake. Wa kwanza ni wa maana. Kirai cha kutungwa kama vile moyo umependa na kingine moyo umepinda huandikwa kwa namna moja katika hati za zamani, kwa kuwa kasra haitofautishi /e/ na /i/, na dal huweza kubeba nd. Katika shairi la mapenzi, neno penda ni la kawaida zaidi, na mashine ina kila sababu ya kulichagua. Lakini shairi la mapenzi la mshairi wa Mvita laweza kuwa fumbo la siasa au la usaliti, na penye fumbo neno lisilotarajiwa ndilo lenye uzito.

Mfano wa pili ni wa kina. Kiamu na Kimvita husema mato pale sanifu inaposema macho. Ikiwa ubeti umefungwa kwa kina cha -to, kwa maneno kama moto na uzito, kuandika macho ni kuvunja arudhi ya mtunzi. Msomaji asiye na mswada mbele yake atadhani mtunzi aliteleza, ilhali aliyeteleza ni mnukuzi.

Mfano wa tatu ni wa mizani. Ushairi wa kale hutumia maumbo ya kitenzi ambayo sanifu imeyaacha. Mbwene, yenye mizani miwili, humaanisha nimeona, yenye mizani minne. Kipande cha utendi chenye mizani minane kinageuka kuwa cha kumi pindi neno hilo linaposanifishwa. Miundo ya lugha haina ulinzi wa ndani dhidi ya kosa la namna hii, kwa sababu hukata maneno katika vipande vya kitakwimu ambavyo si lazima vilingane na silabi wala mofimu. Kuhesabu mizani, kazi ambayo mtoto aliyelelewa katika utamaduni wa kuimba tenzi huifanya kwa sikio, kwa mashine hizo ni kazi isiyo na msingi katika umbo la data yake.

Mfano wa nne ni wa tafsiri. Kitenzi teka katika lahaja za kaskazini huweza kuwa cheka la sanifu, na huweza pia kuwa teka la kuchota maji. Wasemaji wa Kimvita huyatofautisha maneno hayo mawili kwa t ya meno na t ya ufizi, lakini tahajia sanifu haina nafasi ya tofauti hiyo. Hapa mashine inaweza kunukuu kila herufi kwa usahihi, kisha ikamfanya mpenzi anayecheka kuwa mpenzi anayechota maji.

Makosa ya aina hii hayaonekani katika kipimo kinachotumika kutathmini zana za kutambua mwandiko, yaani kiwango cha makosa ya herufi. Kati ya umependa na umepinda kuna herufi moja tu yenye tofauti kati ya nane, na katika mshororo mzima asilimia hiyo hushuka zaidi. Zana inaweza kutangazwa kuwa na usahihi wa hali ya juu huku ikipotosha maneno yaleyale ambayo mhakiki anayahitaji. Tena, usahihi wenyewe hupimwa dhidi ya unukuzi wa binadamu, ambao nao ni usomaji mmojawapo.

4. Duara la ushahidi

Kosa moja katika ubeti mmoja si balaa. Mhakiki makini hulirekebisha. Hatari kubwa zaidi ni ya kimantiki. Fikiria utafiti unaochunguza ni lini na kwa kiasi gani lugha ya ushairi wa Lamu ilianza kukaribia Kiunguja. Mtafiti ananukuu mamia ya kurasa kwa mashine, anahesabu maumbo ya kilahaja, kisha anagundua kwamba ni machache kuliko ilivyodhaniwa. Hitimisho lake litakuwa na takwimu, majedwali na sura ya sayansi. Lakini uchache huo unaweza kuwa ni kazi ya zana iliyosanifisha matini kabla haijafika mezani. Kilichotakiwa kuthibitishwa kimeingizwa katika ushahidi.

Duara hilo halimgusi mwanaisimu peke yake. Mhakiki anayejadili iwapo utungo fulani ni wa mtunzi anayehusishwa nao hutegemea sifa za mtindo: uteuzi wa maneno, maumbo ya vitenzi, mazoea ya vina. Hizo ndizo sifa ambazo usanifishaji huzifuta kwanza. Katika fasihi ambayo tungo nyingi zimehusishwa na Fumo Liyongo kwa masimulizi tu, na ambayo mipaka ya diwani ya Muyaka inategemea sana juhudi za wakusanyaji, matini iliyosawazishwa itawafanya watunzi wote wafanane.

Duara hilo linaweza pia kupanuka. Unukuzi uliofanywa na mashine ukiwekwa mtandaoni bila alama, unaweza kukusanywa na kufundishia mashine zijazo. Kizazi kijacho cha zana kitajifunza Kiamu kutokana na Kiamu kilichobuniwa na kizazi kilichotangulia. Lugha kama Kiingereza ina matini ya kale nyingi iliyohaririwa kwa uangalifu inayoweza kupunguza athari hiyo. Lahaja za Kiswahili hazina akiba kubwa namna hiyo.

5. Wanakili na wahariri wa zamani

Inaweza kupingwa kwamba hakuna jambo jipya hapa. Binadamu pia walibadilisha matini. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mnakili, mshairi na mchonga nakshi aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya wakiwamo Werner, Hichens na Ernst Dammann, na uchunguzi wa Gudrun Miehe na Clarissa Vierke (2010) umetuwezesha kuiona kazi yake kuwa ya msanii mwenye mkono wake mwenyewe. Hichens naye alipochapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940 alifanya maamuzi ya uhariri ambayo watafiti wa baadaye, akiwamo Mohamed H. Abdulaziz (1979), walipaswa kuyapitia upya.

Pingamizi hilo ni sahihi, lakini linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Mkono wa Kijuma unaweza kuchunguzwa kwa sababu unajulikana kuwa ni wake. Mtafiti anaweza kulinganisha nakala zake mbili za utungo mmoja, akauliza alimwandikia nani, lini, na kwa kusudi gani. Maamuzi ya Hichens yanaweza kupingwa kwa sababu karatasi alizozitumia zipo. Utamaduni wenyewe wa utendi ulijenga kinga zake: mtunzi au mnakili mara nyingi hutaja jina na tarehe mwishoni, na huwaomba wasomaji wamrekebishe alipokosea. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, hutaja mwaka wake na idadi ya beti zake. Idadi hiyo si pambo. Humwezesha msomaji wa baadaye kujua kama kuna ubeti uliopotea au ulioongezwa njiani.

Zana ya akili unde, kama inavyotumika kwa kawaida, haina hata kimojawapo cha vitu hivyo. Hubadilishwa na kampuni inayoimiliki bila mtumiaji kushirikishwa. Ombi lilelile likirudiwa kesho huenda likaleta jibu tofauti. Haitaji palipokuwa na shaka, isipokuwa ikiulizwa, na hata ikiulizwa hujibu kwa ufasaha uleule iwe inajua au haijui. Ni mnakili asiye na jina, asiye na tarehe, na asiyeomba radhi.

6. Faida zisizopaswa kupuuzwa

Kuikataa zana kwa sababu hizo kungekuwa kosa la upande wa pili. Kutambua kurasa zilizoandikwa na mkono mmoja, kupanga picha kwa ukubwa na mpangilio, kutafuta jina la mtu au mahali katika maelfu ya kurasa, na kupendekeza usomaji wa awali ili binadamu aukosoe, ni kazi ambazo mashine inaweza kuzipunguzia muda. Tafsiri ya mashine pia humfungulia mwanafunzi wa Zanzibar au Eldoret maandishi ya Kijerumani, kama kitabu cha Dammann cha 1940 kuhusu tungo za Kiamu, ambayo kwa muda mrefu yalibaki kwa wachache. Kwa utafiti unaofanyika penye uhaba wa fedha za safari, hilo si jambo dogo.

Isitoshe, si kila teknolojia ya lugha ni sanduku lililofungwa. Mfumo wa SALAMA wa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ulijengwa juu ya kanuni za kimofolojia za Kiswahili zilizoandikwa wazi. Mfumo wa kanuni ukikosea, kanuni yenye kosa inaweza kutafutwa na kusahihishwa. Mtandao wa watafiti wa Masakhane nao umeonyesha kwamba Waafrika wanaweza kuandaa data na miundo ya lugha zao wenyewe. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia zana ya unukuzi kufundishwa kwa Kiamu na Kimvita kilichohaririwa vyema. Kinachokosekana ni matini hiyo, na matini hiyo haiwezi kupatikana bila wasomaji wa hati.

7. Kumpa mnakili jina

Kutokana na uhakiki huu, mambo matano yanapendekezwa kwa watafiti, wasimamizi wa tasnifu na wahariri wa majarida.

Kwanza, unukuzi utenganishwe katika tabaka mbili. Tabaka la kwanza lioneshe herufi na alama zilizomo katika mswada, bila kuamua e au i, b au mb. Tabaka la pili liwe usomaji. Mashine ikitumika, ijulikane imetumika katika tabaka lipi.

Pili, zana iombwe kutoa usomaji wote unaowezekana badala ya jibu moja, na uamuzi wa mwisho ufanywe na mtafiti kwa hoja za arudhi, lahaja na muktadha zilizoandikwa.

Tatu, jina la zana, toleo lake, tarehe ya matumizi na maelekezo iliyopewa vitajwe, na sampuli ya picha za mswada iambatanishwe. Mtahini wa tasnifu asikubali takwimu za lahaja zilizotokana na unukuzi ambao hakuna aliyeulinganisha na mswada.

Nne, unukuzi wa mashine uwekwao hadharani utiwe alama inayoonekana, ili usichukuliwe kuwa uhariri wa kitaaluma.

Tano, miswada iliyo mikononi mwa familia isipakiwe katika zana za kibiashara bila idhini ya wenyewe. Mwenye mswada aliyemruhusu mtafiti kupiga picha hakumruhusu kuigawa picha hiyo kwa kampuni.

Juu ya hayo yote, mafunzo ya kusoma hati za Kiarabu yarudishwe katika programu za uzamili za fasihi ya Kiswahili. Mtu asiyeweza kuusoma mswada hawezi kumsahihisha mnakili, awe mtu au mashine.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba athari ya akili unde katika utafiti wa ushairi wa kale wa Kiswahili huanza kabla ya mtafiti kuandika sentensi yake ya kwanza. Huanza pale kasra inapogeuzwa kuwa e badala ya i. Kwa kuwa zana zilizopo zimelelewa na Kiswahili sanifu, huelekea kuisoma pwani ya karne ya 19 kana kwamba nayo ilikuwa imesanifishwa. Suluhisho si kuzipiga marufuku, bali ni kuziweka katika nafasi ambayo taaluma ya miswada imekuwa nayo siku zote: nafasi ya mnakili, ambaye kazi yake hupokewa kwa shukrani na kulinganishwa na asili. Wapo wazee wa Lamu na Mombasa wanaoweza bado kuamua kwa sikio kati ya umependa na umepinda. Kila unukuzi unaofanywa bila kuwauliza hupunguza kile ambacho mashine yoyote, sasa au baadaye, ingeweza kujifunza.